Breki ya kamba: Kagua kabla ya kuuza, jaribu kabla ya kupanda

BUSIA/TORORO

Ukiukaribia Tororo, mwamba unauona kabla ya kuuona mji. Ni masalio ya volkeno ya kale, na kilele chake kipo mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Wageni wengi huupanda kwa ngazi, wakapiga picha na kushuka. Wapo pia wanaoukwea kwa kamba, na hao maisha yao huning'inia kwenye kifaa kinachoenea kiganjani: breki ya kamba.

Habari hii inamhusu pia mfanyabiashara wa mpakani. Kifaa cha aina hii kinaweza kukufikia ndani ya belo la mitumba, au mteja akakuagiza umletee kutoka Nairobi, ambako Chama cha Wapanda Milima cha Kenya kimekuwapo tangu 1949 na wanachama wake hukwea kuta za Lukenya na Hell's Gate. Ukiuza kiatu kibovu, mteja atarudi kulalamika. Ukiuza breki mbovu, huenda asirudi.

Kazi yake ni hii: mmoja anapanda, mwenzake chini anashika kamba iliyopita ndani ya breki. Mpandaji akiteleza, breki huibana kamba. Breki za kawaida hutegemea nguvu ya mkono peke yake. Breki saidizi huongeza nguvu ya kubana, hivyo humsaidia mshika kamba aliyeshtuka au aliyechoka.

Breki saidizi ni za namna mbili. Ya kwanza ina kipande kinachozunguka ndani na kuibana kamba inapovutwa ghafla. Maarufu zaidi ni Grigri ya kampuni ya Petzl ya Ufaransa, iliyoingia sokoni mwaka 1991. Ya pili haina kipande kinachocheza. Kamba hubanwa kati ya kifaa na karabina. Hii ni nyepesi na kwa kawaida bei yake ni nafuu, lakini hutegemea zaidi karabina inayofaa na unene wa kamba.

Unapochagua, anza na unene wa kamba. Kila breki huandikwa milimita inazokubali. Grigri ya sasa hupokea kamba za milimita 8.5 hadi 11, lakini matoleo ya zamani, yale yanayoweza kutoka kwenye mitumba, yalitengenezwa kwa kamba nene. Kamba nyembamba ndani yake inaweza kupita bila kubanwa.

Pili, tafuta alama. Kiwango cha Ulaya cha breki saidizi za michezo kama Grigri ni EN 15151-1. Mafundi wa minara na wasafishaji wa maghorofa wana kiwango chao, EN 12841. Usimuuzie fundi wa mnara kifaa cha mchezo ukidhani ni kilekile. Bandia nazo zipo: mwaka 2011 Petzl yenyewe ilitahadharisha umma kuhusu nakala za vifaa vyake. Maandishi yaliyofifia, kutu, ufa, au mtaro uliochimbwa na kamba ni sababu ya kukiweka kando. Kamba na mikanda iliyotumika isiyojulikana historia yake usiiuze kwa kupandia kabisa, hata iking'aa.

Tatu ni matumizi. Mkono wa breki hauachi kamba hata sekunde moja, kwani neno "saidizi" halimaanishi kwamba kifaa kinajishikia chenyewe. Kamba ikiingizwa kinyume, kifaa hakitabana. Ivute kwa ghafla upande wa mpandaji uone kama inashika kabla mtu hajaondoka ardhini. Funga karabina kwa kufuli yake. Kagua fundo la mwenzako, naye akague breki yako. Piga fundo mwishoni mwa kamba isije ikapita yote wakati wa kumshusha mtu. Unapomshusha, fungua mpini polepole huku mkono mwingine ukidhibiti kamba. Wengi wakiingiwa na hofu huuvuta mpini hadi mwisho, na mpandaji huanguka.

Mwisho ni forodha. Cheti rahisi cha uasili, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Breki iliyotengenezwa Ufaransa haiingii humo hata kama umeinunua Nairobi. Waulize maofisa wa kituo cha pamoja cha Busia kabla ya kuvuka, na utunze risiti. Risiti hiyo pia humwonyesha mteja kifaa kimetoka wapi.

Mpaka wa Busia unasimuliwa kuwa ndio uliozaa boda boda, na kila abiria hapa anajua kuuliza kama breki zinashika. Anayetundikwa kwenye mwamba wa Tororo anastahili swali hilohilo, na wa kwanza kuliuliza awe wewe unayemuuzia.