Upimaji wa kichaa cha mbwa kwa wanyama

Upimaji wa kichaa cha mbwa kwa wanyama ni uchunguzi wa kimaabara unaothibitisha kama mnyama aliyekufa au kuuawa alikuwa na virusi vya ugonjwa huo. Hakuna kipimo cha kutegemewa kwa mnyama aliye hai: virusi huingia kwenye jeraha na kufuata neva hadi ubongoni bila kusambaa katika damu, na kingamwili huchelewa kuonekana. Kwa hiyo kinachopimwa ni ubongo wenyewe.

Dalili peke yake hudanganya. Mbwa anayeyumba na kutokwa na mate huenda amekula sumu. Ng'ombe mwenye kichaa mara nyingi hushindwa kumeza na hutokwa na udenda. Mfugaji hudhani amekwamwa na kitu kooni, akamtia mkono mdomoni. Ni hatari kubwa, maana virusi vimo katika mate.

Kuchukua sampuli

Hapa ndipo ushahidi mwingi hupotea. Mbwa aliyeuma watu hupigwa rungu la kichwa, kisha huzikwa au kuchomwa moto, na hakuna tena cha kupima. Fuvu linatakiwa kubaki zima. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa mifugo aliyechanjwa, mwenye glavu na kinga ya macho. Si lazima apasue fuvu: mrija wa plastiki ukisukumwa kupitia tundu la nyuma, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, hutoa kipande cha shina la ubongo. Sampuli huwekwa kwenye barafu. Pasipo na barafu, hutumika mchanganyiko wa gliserini na maji ya chumvi.

Vipimo

Mwaka 1903 Mwitalia Adelchi Negri alieleza vidoa vilivyomo ndani ya seli za ubongo wa wanyama wenye kichaa. Vilitumika kwa miaka mingi kama ushahidi, ila baadhi ya wanyama wagonjwa hawana, hivyo kutoviona hakumaanishi usalama. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hutumika kingamwili zilizounganishwa na rangi inayong'aa: chini ya hadubini maalumu, chembe za virusi huonekana kijani. Hadubini hiyo ni ghali. Kipimo kingine, kilichobuniwa Marekani, hutumia hadubini ya kawaida. Kilijaribiwa kwa sampuli za Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalilingana na yale ya kipimo kikuu.

Aliyeumwa hasubiri majibu ya maabara. Huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huenda kuanza chanjo mara moja. Mbwa aliye hai akiweza kufungwa salama, huangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma, na daktari anaweza kusimamisha chanjo.