Kamera ya DSLR au kamera ndogo: Mnunuzi ahesabu kazi kabla ya bei

WENYE studio ndogo, wapiga picha wa harusi na wafanyabiashara wengine wanaotafuta kamera ya kazi wanaingia sokoni wakati ambapo bei pekee haitoshi kumwongoza mnunuzi. Kamera ndogo za mfukoni, ambazo miaka michache iliyopita zilikuwa zikikosa wateja, zimepanda bei. Kamera za DSLR za ngazi ya kuanzia, zilizokuwa ndoto ya kila mpiga picha anayechipukia, nyingi sasa hupatikana zikiwa zimekwisha kutumika.

Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye fedha za kiasi anaweza kuzikuta bidhaa hizo mbili kwenye kaunta moja kwa bei zinazokaribiana. Akichagua kwa kutazama idadi ya megapikseli iliyoandikwa kwenye boksi, anaweza kuufungia mtaji wake katika chombo kisichoweza kuurudisha.

Hali ya soko

Takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, CIPA, zinaonyesha jinsi soko lilivyogeuka. Mwaka 2010 viwanda vilisafirisha zaidi ya kamera milioni 121 za dijitali. Mwaka 2024 idadi hiyo ilikuwa takriban milioni 8.5 tu. Kati ya hizo, kamera zenye lenzi isiyobanduka, ambazo ndizo kundi la kamera ndogo, hazikufika milioni 1.9, na DSLR zilikuwa karibu milioni 1. Sehemu kubwa iliyobaki ni kamera za kubadilisha lenzi zisizo na kioo ndani, ambazo ziliipita DSLR kwa idadi mwaka 2020.

Kilichoua kamera ndogo ni simu ya mkononi. Viwanda viliacha kutengeneza aina nyingi za bei nafuu, na mahitaji yaliporudi, hasa kutoka kwa vijana wanaopenda sura ya picha za kizamani, bidhaa ilikuwa haba. Kamera ya Canon ELPH 360 HS ilitoka mwaka 2016 kwa dola 210 za Marekani. Mwaka 2025 kampuni hiyo iliirudisha sokoni ikiwa na mabadiliko machache, kwa dola 380. Mnunuzi wa kazi anapaswa kujua kwamba sehemu ya bei hiyo inatokana na mtindo, na mtindo haumwongezei mapato.

DSLR imepita njia ya kinyume. Canon EOS 300D ilipotangazwa mwaka 2003 kwa dola 899 bila lenzi, ilikuwa habari kubwa kwa kuwa ya kwanza ya aina yake kushuka chini ya dola 1,000. Miaka 15 baadaye, mwaka 2018, Nikon D3500 iliuzwa kwa dola 500 pamoja na lenzi yake. Lakini ilipofika mwaka 2022 Nikon ilikuwa imekwisha kuiondoa D3500, na pia D5600, katika orodha ya kamera inazotengeneza. Wamiliki wengi wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo, na DSLR walizoziacha zinazunguka katika soko la vitu vilivyotumika.

Tofauti iko ndani

Kamera zote mbili zinaweza kuandikwa megapikseli 20 au zaidi, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Linalotofautisha picha zaidi ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani ilikaa filamu.

Kamera ndogo za kawaida zina kihisi chenye upana wa milimita 6 na urefu wa milimita 4.5 hivi, eneo la takriban milimita 28 za mraba. Kihisi cha Nikon D3500 ni milimita 23.5 kwa 15.6, zaidi ya milimita 366 za mraba. Kwa maneno mengine, kile cha DSLR ni kikubwa mara 13. Juani tofauti hiyo haionekani sana. Usiku ukumbini, kihisi kidogo kinapolazimishwa kuona gizani, picha hujaa chembechembe na rangi za ngozi huharibika.

Kati ya hizo mbili kuna daraja la katikati. Kamera ndogo ya Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012 kwa dola 650, ilikuja na kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, ambacho ni kikubwa mara nne kuliko cha kamera ndogo za kawaida, katika mwili wa gramu 240 unaoingia mfukoni. Kwa anayesafiri sana na kuhitaji picha nzuri za makala au tovuti, aina hiyo ina hoja. Kwa mpiga picha wa sherehe, bado lenzi yake haibanduki, na haina mahali juu pa kupachika flashi kubwa.

Jambo la pili ni lenzi. Lenzi inayokuja na DSLR mpya, ile ya milimita 18 hadi 55, si lenzi ya gizani. Ikivutwa hadi mwisho, mwanya wake hufunguka hadi f/5.6 tu. Lenzi rahisi ya milimita 50 yenye mwanya wa f/1.8, kama ile ya Canon iliyotoka mwaka 2015 kwa dola 125, hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Hiyo ndiyo faida halisi ya DSLR kwa mfanyabiashara: kamera ikizeeka, lenzi na flashi hubaki na kuhamia kwenye kamera nyingine inayofuata. Kamera ndogo ikifa, inakufa na lenzi yake.

Betri nayo ina uzito wake. Kwa vipimo vya viwanda, D3500 hupiga picha 1,550 kwa chaji moja, na RX100 ya kwanza 330. Katika sherehe inayoanza kanisani saa nne asubuhi na kumalizikia ukumbini usiku wa manane, tofauti hiyo si ndogo.

Kamera ndogo inapofaa

Hata hivyo, si kila biashara inauza picha. Wakala wa viwanja na nyumba, mthamini wa mali, fundi anayeweka kumbukumbu za kazi, au duka linalotangaza bidhaa zake mtandaoni, wote wanahitaji picha iliyo wazi na ya haraka, mara nyingi mchana. Kwao DSLR ni mzigo unaobaki kabatini.

Lakini kabla ya kununua kamera ndogo, mfanyabiashara wa aina hiyo aitazame kwanza simu yake. Simu nyingi za bei ya kati zina kihisi kikubwa kuliko cha kamera ndogo ya kawaida, na hutuma picha papo hapo. Kamera ndogo inabaki na faida tatu. Lenzi yake huvuta kitu cha mbali bila kuharibu picha. Hailazimishi mfanyakazi kutumia simu yake binafsi kwa mambo ya ofisi. Na kadi yake inaweza kukabidhiwa kwa karani au mhasibu pamoja na makaratasi mengine. Kama hakuna hata moja kati ya hayo linalohitajika, fedha zibaki kwenye biashara.

Iko pia kasoro ya kuzingatiwa katika miji yenye vumbi na pwani yenye chumvi. Lenzi ya kamera ndogo hutoka na kuingia kila inapowashwa. Mchanga ukiingia, mota hukwama, na mara nyingi gharama ya matengenezo huzidi thamani ya kamera.

Hesabu ya mtaji

Kwa anayeuza picha, swali ni kazi ngapi zitarudisha fedha. Tuchukue mfano wa seti ya DSLR iliyotumika, yenye lenzi ya f/1.8, flashi, betri mbili na kadi mbili, yote kwa jumla ya Sh 1,500,000. Kama kila kazi inamwachia mpiga picha Sh 60,000 baada ya nauli, msaidizi na usafishaji wa picha, seti hiyo inarudi baada ya kazi 25. Mwenye kazi moja kila wiki atahitaji karibu miezi sita. Aliyechukua mkopo aongeze riba, kisha ajiulize kama msimu wa harusi utamkuta au utakuwa umepita.

Upande wa pili wa hesabu ni maisha ya kamera. Kila picha inapopigwa, kioo hunyanyuka na pazia lililo mbele ya kihisi hufunguka na kufungwa. Kwa DSLR za ngazi hii, picha 100,000 ndicho kipimo kinachotumika sana. Si dhamana, kwani zipo zinazokufa mapema na zipo zinazovuka mbali. Kamera iliyokwisha kupiga picha 30,000, ikitumika kwa picha 500 kila kazi, ina matumaini ya kazi 140. Mtaji unarudi kabla ya robo ya njia. Lakini kamera hiyo hiyo ikiwa imekwisha kupiga 90,000, matumaini ni kazi 20, na mnunuzi anaweza kuzikwa na deni kabla hajaona faida.

Kwa sababu hiyo bei ya chini si lazima iwe bei nafuu.

Mambo ya kukagua

Mnunuzi wa kamera iliyotumika apige picha moja kwa kadi yake mwenyewe na kuifungua katika kompyuta. Nikon huandika idadi ya picha zilizopigwa ndani ya faili la picha, na zipo programu za bure za kuisoma. Kwa Canon nyingi za ngazi ya kuanzia, idadi hiyo haimo katika faili. Huhitaji waya na programu maalumu.

Lenzi imulikwe kwa tochi. Katika hewa yenye unyevu kuvu huota ndani ya kioo kama nyuzi za buibui, na kuisafisha ni kazi ya fundi.

Wanunuzi wa Nikon wawe na hadhari zaidi. Kamera za ngazi ya kuanzia, tangu D40 ya mwaka 2006 hadi D3500, hazina mota ya kulengesha ndani ya mwili. Lenzi za zamani za AF na AF-D hufunga vizuri juu yake, lakini mpiga picha atalazimika kulengesha kwa mkono. Lenzi za kutafuta ni zenye alama AF-S. Zile mpya za AF-P nazo hazifanyi kazi na kamera za zamani kama D40, D60, D80 na D3000.

Kwa Canon, EOS 2000D na 4000D za mwaka 2018 ziliondolewa pini ya katikati mahali pa kupachika flashi. Flashi za bei nafuu zinazotegemea pini hiyo hazitawaka, hata kama zinakaa sawasawa. Anayepanga kutumia flashi ya aina hiyo aende na flashi yenyewe dukani na kuijaribu. Aidha, majina yasimchanganye mnunuzi: 2000D huitwa 1500D katika sehemu za Asia na Rebel T7 huko Marekani. Ni kamera ile ile, na jina tofauti si sababu ya bei tofauti.

Betri pia ziulizwe. Nikon D3100 hadi D3500 hutumia familia moja ya betri, EN-EL14, na Canon 1100D hadi 2000D hutumia LP-E10. Kamera zinazoshirikiana betri kwa miaka mingi ni rahisi kuhudumia kuliko kamera ndogo ya zamani ambayo betri yake haitengenezwi tena.

Uamuzi

Anayelipwa kwa picha, hasa za ukumbini na usiku, hana sababu ya kununua kamera ndogo kama chombo chake kikuu. Ni heri DSLR ya zamani yenye lenzi ya f/1.8 na flashi kuliko DSLR mpya yenye lenzi iliyokuja nayo peke yake. Fedha zikipungua, apunguze kwenye mwili wa kamera, asipunguze kwenye lenzi wala betri ya akiba. Harusi hairudiwi, na mteja aliyekosa picha ya pete hatasikiliza habari za chaji iliyokwisha.

Ambaye picha ni msaada tu wa biashara yake, simu ndiyo mahali pa kuanzia. Kamera ndogo inunuliwe pale tu inapofanya kazi ambayo simu imeshindwa, na kwa bei isiyobeba mtindo wa vijana.

Kwa wote wawili, risiti na muda wa majaribio, hata wa siku tatu, ni sehemu ya bei. Muuzaji anayekataa kamera yake ijaribiwe kwa kadi ya mnunuzi amekwisha kujibu swali ambalo hajaulizwa.