Ni Mtu, Bila Kuuliza Ni Nani

Kijana wa Moshi anayetaka kuuliza mtandaoni kuhusu dalili za kaswende, au kuhusu mawazo ya kujiua, huuliza kwa sharti moja: asijulikane. Mshauri anayemjibu naye ana sharti lake: aliye upande wa pili awe mtu, si programu ya kompyuta iliyotumwa kumwaga maswali ya uongo au kunadi dawa zisizosajiliwa. Masharti hayo yanadhaniwa kugongana kwa sababu tumezoea kuchanganya maswali mawili: «Huyu ni mtu?» na «Huyu ni nani?»

Kwa miaka mingi swali la kwanza lilijibiwa kwa mafumbo ya herufi zilizopindapinda, maarufu kwa jina la CAPTCHA, jina lililobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani. Siku hizi mashine huyafumbua bila shida, na anayekwama ni mtu mwenye uoni hafifu. Ndiyo maana wabunifu wakageukia mwili wenyewe.

Jirani zetu wa Kenya walilionja jaribio hilo. Mwezi Julai 2023 mradi wa Worldcoin, ambao Sam Altman ni mmoja wa waasisi wake, ulizinduliwa rasmi, ukipiga picha mboni za macho, yaani ile duara yenye rangi inayozunguka tundu la jicho, kwa kutumia chombo cha mviringo chenye rangi ya fedha. Aliyekubali alipewa tokeni za kidijitali zenye thamani ya takribani shilingi 7,000 za Kenya. Jijini Nairobi watu walifurika katika jumba la mikutano la KICC. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti, wakati Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wamekwisha kujiandikisha. Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo za kibiolojia zifutwe ndani ya siku 7: tathmini ya athari inayotakiwa kisheria haikufanyika, na ridhaa ilipatikana kwa kishawishi cha malipo. Mtu yeyote aliyewahi kuomba ridhaa ya mgonjwa kabla ya upasuaji ataielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa na mwanasheria.

Lakini hata ridhaa ingekuwa safi, tabibu angekuwa na neno. Nywila ikiibwa hubadilishwa, mboni haibadilishwi. Tena miili haifanani kama mashine zinavyotaraji. Michirizi ya vidole vya mkulima wa kahawa wa Kibosho au Marangu, aliyeshika jembe kwa miaka 50, husagika. Ngozi ya uzeeni hukauka, ukurutu huichubua, na dawa ya saratani iitwayo capecitabine inaweza kuifuta alama hiyo kabisa. Kwa mtu mwenye ualbino, mboni ina upungufu wa rangi na mara nyingi macho hutikisika yenyewe, jambo linaloipa kamera kazi ngumu. Moshi, penye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, haina udhuru wa kusahau watu hao. Mashine inapowakataa, maana yake ni kwamba imewatangaza kuwa si watu.

Tangu Mei 2019 Watanzania wamekuwa wakisajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Utaratibu huo hujibu swali la pili, na una matumizi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaziweka taarifa za kibiolojia na za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kumtaka yule kijana atoe namba ya NIDA kabla ya kuuliza kuhusu kaswende ni kumfukuza kwa adabu.

Ipo njia nyingine, na si ngeni. Mwaka 1982 Mmarekani David Chaum alieleza namna ya kutia saini bila kuona kinachosainiwa. Chukua karatasi yenye namba uliyoichagua mwenyewe, itie ndani ya bahasha pamoja na karatasi ya kaboni, kisha uifunge. Ofisa anayekufahamu anasaini juu ya bahasha. Saini inapenya hadi ndani. Baadaye unaitoa karatasi na kuipeleka kwingine. Anayeipokea anaona saini halali, wala hajui ni ya nani. Na ofisa mwenyewe akiiona hawezi kukumbuka aliisaini lini wala kwa ajili ya nani. Kwenye simu, kazi ya kaboni hufanywa na hesabu. Dosari haikosekani: karatasi hiyo inaweza kuuzwa, hivyo sharti itumike mara moja tu na kila mtu apewe chache.

Ofisa huyo si lazima awe mashine. Katika vijiji vya mlimani mtendaji huandika barua za utambulisho kwa watu anaowafahamu kwa sura, na mhudumu wa zahanati anamjua bibi ambaye vidole vyake havisomeki. Wao wanaweza kusaini bahasha. Atakachouliza bibi huyo baadaye, na atamuuliza nani, hakitawafikia.