Jina la mkristo ndani ya ordinatere

Katika parokia za Kisangani swali moja linarudi mara nyingi: je, inafaa kutia vitabu vyetu vya ubatizo katika ordinatere? Wengine wanajibu mbio kwamba inafaa, maana karatasi inaliwa na mchwa na kuozeshwa na unyevu. Wengine wanakataa, maana hawaiamini mashini. Sisi tunaona kwamba wote wawili wanajibu mapema. Tufahamu kwanza mashini hii inafanya nini na jina la mtu.

Ordinatere, ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita kompyuta, haisomi kama sisi tunavyosoma. Ndani yake hamna herufi, wala picha, wala sauti. Mna alama mbili tu, ambazo tunaziandika 0 na 1. Herufi A ni mfululizo wa alama hizo, na wimbo pia ni mfululizo, mrefu zaidi. Watu wa mto wetu hawana haja ya kushangaa. Walokele, kutoka Yakusu mpaka Isangi, tangu zamani walituma habari kwa lokole, nayo lokole ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Pasta John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyekaa Yakusu, alieleza jambo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1949. Maneno mengi, asema, yanafanana kwa sauti zake; basi mpigaji akipiga neno moja peke yake, wasikiaji hawatajua ni neno gani. Kwa hiyo hapigi «mwezi» tu. Anapiga mwezi pamoja na maneno ya kusema kwamba unatazama chini duniani.

Na jina la mtu je? Jina la lokole lilikuwa refu: kwanza jina lake mwenyewe, kisha jina la baba yake, kisha kijiji cha mama yake. Wazee wale walijua kwamba alama zikiwa chache, maelezo lazima yawe mengi. Msomaji alishike neno hilo.

Sasa, programu ni nini? Ni maagizo yaliyoandikwa na mtu, moja nyuma ya lingine, na mashini inayafuata bila kuuliza sababu. Walimu wa novisi wangependa kupata novisi mtiifu namna hii, lakini tunazani wangechoka naye nyuma ya juma moja, kwa maana hajui kamwe nia ya aliyemwagiza. Anajua maneno tu. Mwenye kuandika programu amekwisha kuamua kila kitu: hapa kisanduku cha jina, hapa cha tarehe, hapa herufi 20 na si zaidi. Mtu huyo labda anakaa Ulaya, naye hakufungua hata siku moja kitabu cha ubatizo cha Mangobo au cha Lubunga. Yale aliyoyawaza yeye, ndiyo tu mashini itakayoyajua.

Huyo mtu wa Ulaya aliwaza kwamba kila mtu ana majina mawili, «prénom» na «nom». Sisi wakongomani tuna matatu: «nom», «postnom» na «prénom». Sababu yake inajulikana. Mwaka wa 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristo, na padri aliyebatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishwa na kifungo. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Wanainchi wakaongeza jina la mababu pahali pa lile lililokatazwa. Mobutu alipofungulia njia vyama vingi katika 1990, majina ya kikristo yalirudi katika karatasi, lakini postnom haikuondoka. Basi mtu mmoja aliyebatizwa Joseph katika 1968 huenda ana karatasi ya shule ya 1975 yenye majina mawili bila Joseph, na karte ya uchaguzi yenye majina matatu. Ni mtu mmoja. Paroko anayemjua haoni taabu.

Mashini inaona watu watatu. Sekretere mmoja anatia postnom pamoja na nom katika kisanduku kimoja, wa pili anaitia pamoja na prénom, wa tatu anaiacha kabisa. Nyuma ya miaka kumi kijana anakuja kuomba cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa. Wanaandika jina lake, na mashini inajibu: hayuko. Tuangalie vizuri maana ya jibu hilo. Mashini haisemi kwamba mtu huyu hakubatizwa. Inasema tu: herufi hizi, kwa mpango huu, sikuziona. Lakini jibu limeandikwa safi, limetoka katika mashini ya bei kali, nao watu wanaliamini kuliko mama ya kijana. Padri mwenye haraka atambatiza mara ya pili, na kumbe ubatizo haurudiwi. Hapo kosa la kisanduku limefika mpaka sakramenti. Ndiyo sababu tunaona kwamba jambo hili si la mafundi peke yao.

Maandishi yanaongeza taabu. Mwamba na Muamba, Elizabeti na Elisabeth: sikio letu linasikia jina moja, lakini mashini inahesabu mawili. Tena ile alama ndogo juu ya herufi é. Mpango wa herufi uliotengenezwa Marekani katika 1963, unaoitwa ASCII, ulikuwa na nafasi 128 tu, na é haikupata hata moja. Mpango mpana zaidi, Unikodi, ulianza kutolewa mwaka wa 1991, nao una nafasi ya maandishi ya mataifa yote. Lakini ikiwa mashini moja inaandika kwa mpango mmoja na nyingine inasoma kwa mpango mwingine, André anakuwa AndrÃ©. Mtu akiona alama hizo katika liste, asizani ni ugonjwa wa mashini. Ni mashini mbili zisizosikilizana lugha.

Tarehe nayo. Katika vitabu vya zamani tunasoma juu ya mkatekumeni mzee: «alizaliwa karibu na 1921». Neno hilo «karibu» lina ukweli mwingi. Programu inakataa, inataka siku, mwezi na mwaka, na bila hivyo haifungui ukurasa unaofuata. Sekretere anachoka, anaandika tarehe 1 Januari, na kazi inaendelea. Mzee amepewa siku ya kuzaliwa ambayo hakuna aliyeijua, wala hakuna atakayekumbuka kwamba ilitungwa.

Pahali pa kuzaliwa ni shida zaidi hapa kwetu kuliko penginepo. Stanleyville ikawa Kisangani katika 1966. Inchi ikaitwa Zaire tangu 1971 mpaka 1997. Mkoa wetu uliitwa Orientale, kisha Haut-Zaïre, kisha Orientale tena, na tangu 2015 ni Tshopo. Na Tshopo ni nini? Ni mto, ni komine, ni mkoa. Kisangani pia ni mji mzima, na ni jina la komine moja ndani yake. Hata anwani za intaneti za inchi yetu zilibadilika: zamani zilimalizika kwa .zr, leo zinamalizika kwa .cd. Ndugu wawili wa tumbo moja, waliozaliwa katika nyumba moja, wanaweza kuandikwa pahali mbali mbali, na mashini haitawaunganisha.

Serikali yenyewe ilifahamu kwamba majina hayatoshi. Mbele ya uchaguzi wa 2018, tume ya uchaguzi ilipotafuta watu walioandikwa mara mbili, ilitegemea alama za vidole, ikaondoa zaidi ya milioni 5. Parokia haichukui alama za vidole, na hatutamani siku itakapozichukua.

Hatusemi kwamba ordinatere iachwe. Kisangani inakumbuka mwaka wa 1964, inakumbuka pia siku sita za Juni 2000, wakati majeshi mawili ya kigeni yalipopigana katikati ya mji. Kitabu kisicho na nakala ni kitabu kinachongoja moto. Mashini inatoa nakala kwa dakika chache, na inatafuta katika parokia kumi mbele mtu hajamaliza kupangusa mavumbi ya kitabu kimoja. Lakini nakala isiwe mbali tu, katika mashini isiyofunguka bila intaneti. Tangu mwisho wa Desemba 2018, nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi yote karibu majuma matatu, nayo sakramenti hazikungoja.

Basi paroko anayetaka kuanza afanye namna gani? Kanuni ya 877 inadai jina la mtoto, la wazazi, la wasimamizi, pahali na siku. Ni hekima ile ile ya lokole: jina halisimami peke yake. Programu iwe na kisanduku kimoja ambamo jina linanakiliwa jinsi lilivyo kitabuni, hata na makosa yake, na kisanduku kingine cha kutafutia, ambamo Mwamba na Muamba wanakutana. Ikubali neno «karibu» katika tarehe. Alama ya kumtambua mtu isiwe jina lake, bali namba ya kitabu, ya ukurasa na ya mstari, maana hizo hazikubadilika na serikali yoyote. Na sekretere asiondoe kitabu mezani akizani kazi imekwisha.

Neno la mwisho ni la ukingo wa ukurasa. Kanuni ya 535 inataka kipaimara, ndoa, upadri na nadhiri za milele ziandikwe kando ya jina la aliyebatizwa. Katika vitabu vya kale ukingo huo umejaa wino wa mapadri wanne au watano, na mara nyingi habari za mtu ziko pale kuliko katika mstari wake. Mbele programeri hajaandika hata agizo moja, mchukulieni kitabu, mfungulieni ukurasa ulioandikwa zaidi ukingoni, mwacheni akae nao mchana mzima. Akiuliza kisanduku cha ukingo kiwe na herufi ngapi, mwambieni ahesabu yeye mwenyewe.