Hataza za Usimbaji Fiche na Ukomo Wake: Mazingatio kwa Sera ya Uganda

Makala haya yanafafanua ni lini hataza ya mbinu ya usimbaji fiche hukoma, na kwa nini, kwa Uganda, swali hilo hutanguliwa na jingine: je, hataza hiyo iliwahi kuwa na nguvu hapa nchini?

Hataza humpa mvumbuzi haki ya kipekee kwa muda maalumu, na haki hiyo huishia kwenye mipaka ya nchi inamotambuliwa. Mfano bayana ni mbinu ya RSA ya Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman. Ombi lake liliwasilishwa Marekani Desemba 1977, na hataza ikatolewa tarehe 20 Septemba 1983. Kwa kuwa sheria ya huko ilihesabu miaka 17 tangu kutolewa, ukomo uliangukia Septemba 2000. Hata hivyo, mbinu hiyo ilikuwa imekwisha kuchapishwa kabla ya ombi. Katika nchi nyingi jambo hilo huondoa sifa ya upya, hivyo nje ya Marekani haikulindwa. Mwaka 1995, mtaalamu wa Kampala aliyeandika programu ya RSA kwa matumizi ya Uganda hakuhitaji leseni. Aliyetaka kuiuza Marekani aliihitaji.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya Uganda ya mwaka 2014 inaweka muda wa miaka 20 tangu kuwasilishwa kwa ombi, wala haizihesabu mbinu za kihisabati kuwa uvumbuzi. Ugumu upo katika kutenganisha kanuni tupu na kifaa kinachoitumia. Aidha, kupitia Itifaki ya Harare, hataza iliyotolewa na ARIPO yaweza kuwa na nguvu Uganda. Ada ya kila mwaka isipolipwa, hataza hufa kabla ya wakati wake.

Suala hili lina uzito leo. Agosti 2024 Marekani ilitoa viwango vya usimbaji vinavyokusudiwa kuhimili kompyuta za kwantamu. Kwa mbinu ya Kyber, taasisi yake ya viwango ililazimika kwanza kuafikiana na wenye hataza ili watumiaji wa kiwango hicho wasidaiwe mrabaha.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba wa ununuzi wa mifumo, taasisi za umma zichunguze madaftari ya Kampala na Harare. Kuhesabu miaka kwa kalenda ya Washington pekee kwaweza kuifanya nchi ilipie haki ambayo haikuzaliwa kamwe katika ardhi yake.