Unanunua nyumba, ao unanunua matata?

Kazi yangu ni mashamba. Ninapotembelea kooperative, watu wananiuliza juu ya mbegu, juu ya muhogo unaooza, juu ya mpunga. Lakini mkutano ukiisha, kuna siku mtu ananivuta pembeni: «Agronomu, weye unajua kusoma. Angalia hii karatasi yangu.» Anafungua mfuko wa plastiki, anatosha karatasi iliyokunjwa mara nne. Mara nyingi ni karatasi ya nyumba.

Siku moja haikuwa mtu mmoja, ilikuwa kooperative nzima. Walikuwa wamechanga franga za mavuno mengi ya mpunga, wakanunua nyumba hapa Kindu, yenye chumba kikubwa cha kufanya depo. Kwa kuwa kooperative ilikuwa haijapata makaratasi yake, muuzo uliandikwa kwa jina la prezida wao. Alikuwa mtu mwema, hakula hata franga moja. Lakini alipokufa, watoto wake walikuja na karatasi mkononi: «Parsele ni ya papa yetu. Jina ni lake.» Kooperative ilikuwa na daftari la michango na mashahidi. Ilikosa jambo moja tu: jina lake kwenye karatasi ya nyumba. Mpunga ukatoka depo, ukarudi kulala katika nyumba za watu pamoja na panya.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza watu wa ofisi ya udongo na watu wa sheria. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara katika mikutano yetu.

Nikinunua parsele, nimenunua udongo?

Hapana. Sheria ya udongo, namba 73-021 ya tarehe 20/07/1973, inasema katika kipengele cha 53 kwamba udongo ni mali ya Serikali na hauuzwi. Unachonunua ni nyumba na miti iliyo juu, pamoja na haki ya kutumia udongo ule. Haki hiyo inaitwa konsesyo.

Mtu ambaye ni Mkongomani anaweza kupata konsesyo isiyo na mwisho. Kooperative haiwezi, kwa sababu si mtu wa mwili. Inapata konsesyo ya muda, kwa mfano ile ya miaka isiyozidi 25, ambayo inaweza kufanywa upya. Ndiyo maana wengine wanakimbilia jina la prezida. Lakini ndugu wanamemba, miaka 25 kwa jina la kooperative ni bora kuliko milele kwa jina la mtu mwingine. Kwanza andikisheni kooperative, kisha nunueni.

Muuzaji ana fishi ya parsele kutoka komine. Inatosha?

Haitoshi. Fishi inaonyesha kwamba komine inamjua mtu huyo pahali pale. Karatasi inayothibitisha haki yenyewe ni sertifika, ile ambayo juu yake imeandikwa «certificat d'enregistrement». Inatolewa na konservateri, si na komine, wala si na chefu wa kartie.

Kabla ya kulipa, chukua namba ya parsele na ya sertifika, uende ofisini kwa konservateri. Uliza mambo matatu: jina lililoandikwa ni la nani, vipimo ni vipi, na kama nyumba imewekwa rehani kwa deni. Usikubali muuzaji akuletee jibu nyumbani. Nenda mwenyewe. Kama unatoka Alunguli, pesa ya mtumbwi ya kuvuka mto si kitu mbele ya bei ya nyumba.

Bwana anauzisha, lakini bibi yake hayuko. Nilipe?

Usilipe bado. Kodi ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wakubaliane kabla ya kuuza nyumba. Mke akisema «sikujua», muuzo unaweza kuvunjwa. Wote wawili watie sahihi, ao wapige kidole, mbele ya mashahidi.

Papa amekufa, na mzaliwa wa kwanza anauzisha. Ana haki?

Mara nyingi mzaliwa mkubwa ndiye anasimamia mirathi, lakini kusimamia si kumiliki peke yake. Watoto wote ni warithi, wasichana sawasawa na wavulana, hata wale waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwatambua. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na bwana yake. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanaangukia: wanalipa mtu mmoja, kisha wanakuta mama mzee ndani ya nyumba, na sheria iko upande wake. Omba kuona wote, na wote watie sahihi.

Na kijijini, ambako chefu ndiye anagawa?

Karatasi ya chefu ina faida: inaonyesha kwamba umepokelewa na majirani wanajua mipaka. Lakini si sertifika. Ukitaka haki yenye nguvu, omba konsesyo kwa Serikali. Watumishi wa udongo watafanya uchunguzi: watatembea mipaka na kusikiliza wanaolima pale. Siku ile wote wenye mashamba jirani wawepo. Atakayenyamaza atapata shida kusema baadaye.

Tuandike nini?

Majina kamili ya pande zote, namba ya parsele, vipimo, bei, tarehe na kiasi kilicholipwa kila mara. Kama mwana wa kilimo naongeza: hesabuni miti. Nimeona mtu aliyeuza nyumba akirudi kukata ngazi, akisema aliuza kuta tu. Andikeni: mingazi mingapi, miembe mingapi, na kwamba imeuzwa pamoja na nyumba.

Kisha muuzo upelekwe mbele ya konservateri ao notere. Konservateri anafuta sertifika ya zamani, anaandika mpya kwa jina lako. Kabla ya hapo, hata ukiwa umelipa yote na umelala ndani, mbele ya sheria haki bado ni ya jina la zamani.

Mtu ameandikisha nyumba yangu kwa jina lake. Nifanye nini?

Usilale. Baada ya miaka 2 tangu sertifika kutolewa, kuivunja ni vigumu sana. Mara nyingi linabaki dai la malipo ya hasara tu, nyumba haikurudii. Ugomvi wa udongo wa desturi unapelekwa kwa tribinale ya amani. Ule wa sertifika unapelekwa kwa tribinale kubwa. Beba makaratasi yote na mashahidi walio hai, maana mashahidi nao wanakufa.

Kooperative ile bado inabishana na watoto wa prezida. Si watu wabaya wale watoto: baba yao hakuwaambia, na karatasi inasema vile inasema. Wakubwa wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wale walikuwa na daftari. Jina ndilo lilikuwa si lao.

Basi, katika mkutano wenu unaokuja, mbele ya kuzungumza juu ya mbegu, ulizeni swali moja: karatasi ya depo yetu iko wapi, na juu yake kumeandikwa jina la nani? Kama mwenye jina yuko hai, yuko hapa na anakubali, rekebisheni sasa, angali anaweza kutia sahihi.