Wimbo Mmoja, Programu Mbili: Mpaka wa Kazi Uwekwe Wapi

Programu ya kutengenezea muziki, yaani ile ambayo ndani yake prodyuza hupanga midundo, hurekodi sauti, hukata na kuunga vipande na hatimaye huvichanganya vyote kuwa wimbo kamili, kwa kawaida huuzwa kwa ahadi kwamba inajitosheleza. Hata hivyo, katika studio za Dar es Salaam au Nairobi si ajabu kukuta biti imeundwa katika FL Studio, ilhali sauti za waimbaji, ambazo watu wa studio huziita voko, zimerekodiwa na kuchanganywa katika Cubase, Pro Tools au Logic Pro. Desturi hiyo haitokani na uduni wa vifaa. Inatokana na ukweli kwamba kila programu ilizaliwa kwa haja fulani, na haja hiyo ya kwanza bado inaonekana katika jinsi inavyomwongoza anayeitumia.

FL Studio ilianza Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ikiwa chombo cha kupanga ngoma kwa kubofya visanduku 16 vilivyo katika mstari mmoja, na mpaka leo wepesi wake mkubwa uko hapo hapo, kwani mtu asiyejua kusoma nota anaweza kupata mdundo unaozunguka kabla chai yake haijapoa. Pro Tools, iliyotoka Marekani mwaka 1991, ilikuja kuchukua nafasi ya mashine za kurekodia kwa utepe, ndiyo maana nguvu yake iko katika kunasa na kuhariri sauti za watu na ala. Ableton Live, iliyotolewa Berlin mwaka 2001, ilibuniwa na wanamuziki waliotaka kuipiga kompyuta jukwaani kama ala, na kwa sababu hiyo ina dirisha ambamo kipande chochote huanzishwa au kusimamishwa bila muziki kukatika, pamoja na uwezo wa kuinyoosha sauti iliyorekodiwa ili ifuate kasi mpya pasipo kubadilika kimo chake.

Hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi faida na mipaka ya kuunganisha programu kuliko ule wa Reason na Live. Reason, iliyotolewa mwaka 2000 na kampuni ya Propellerhead ya Stockholm, ilijaa sintesaiza, mashine za ngoma na vyombo vya kuchezea sampuli, vyote vikichorwa kama mitambo halisi iliyopangwa kwenye fremu, ambayo mtumiaji aliweza kuigeuza nyuma na kuchomeka nyaya alivyopenda. Lakini haikuweza kurekodi hata neno moja kutoka kwenye maikrofoni. Live, kwa upande wake, ilikuwa hodari wa sauti zilizorekodiwa, lakini mpaka toleo lake la 4 la mwaka 2004 haikurekodi wala kupanga nota za MIDI, ile lugha iliyowekwa mwaka 1983 ambayo kwayo ala huambiana ni nota gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani na imeachiwa lini, bila kusafirisha sauti yenyewe. Kila moja, basi, ilikuwa na kile ambacho mwenzake alikikosa.

Kiungo kati yao kilikuwa ReWire, mfumo ambao Propellerhead ilikuwa imeubuni mwaka 1998 kwa kushirikiana na Steinberg ya Hamburg, watengenezaji wa Cubase. Katika mfumo huo programu moja huwa mwenyeji na nyingine huwa mgeni. Mwenyeji hushika kadi ya sauti na kupokea mikondo ya mgeni, ambayo katika toleo la pili la ReWire ingeweza kufika 256, na kitufe cha kuanzisha wimbo kikibonyezwa upande wowote, pande zote mbili huanza kwa pamoja bila kuachana. Usumbufu nao haukukosekana: mwenyeji alipaswa kufunguliwa kwanza na mgeni kufungwa kwanza, na wimbo mmoja ulihifadhiwa katika faili mbili tofauti, hivyo aliyesahau kuhifadhi upande mmoja alikuta nusu ya kazi yake haipo.

Baadaye haja iliyouzaa uhusiano huo ikapungua. Reason ilipata uwezo wa kurekodi sauti ndani yake yenyewe mwaka 2011, ikaanza kupokea plagini za VST, yaani programu zinazofunguka ndani ya programu nyingine, mwaka 2017, na mwaka 2019 ikageuka kuwa plagini yenyewe. Mwisho wa mwaka 2020 watengenezaji wa Reason waliacha kuitunza ReWire, na Live 11, iliyotoka mwaka uliofuata, ikaja bila mfumo huo. Miradi iliyotegemea kiungo hicho ilibaki ikihitaji programu za zamani ili ifunguke, jambo ambalo kila anayejenga kazi yake juu ya kiungo cha kampuni fulani anapaswa kulifikiria mapema.

Kilichorithi nafasi ya ReWire ni huo utaratibu wa kufungua programu moja ndani ya nyingine. FL Studio hufunguka kama plagini ndani ya Live, Cubase na nyinginezo, ikifuata kasi ya mwenyeji wake na kumpelekea ngoma, besi na kinanda katika mikondo tofauti. Utaratibu huu unafaa sana katika hatua ya kutafuta wazo, wakati mdundo bado unabadilika, kwa sababu mabadiliko husikika papo hapo pande zote mbili. Lakini huila kompyuta, na kwenye kompyuta mpakato ya bei nafuu mzigo wake huonekana mapema.

Njia ya tatu ndiyo ya kizamani kuliko zote, na kwa mizani ya kazi za kila siku ndiyo bora: kila mkondo hutolewa peke yake kama faili ya sauti ya WAV, inayoitwa stemu, kisha faili hizo hupangwa upya katika programu ya pili. Ubora wake unaonekana hasa siku ya kurekodi voko. Kompyuta hukusanya sauti katika bafa, yaani fungu la sampuli linaloandaliwa kabla ya kutolewa, na mradi uliojaa plagini huhitaji bafa kubwa. Bafa ya sampuli 1,024 katika kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde huichelewesha sauti kwa milisekunde 23 hivi, na ucheleweshaji huo hutokea wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka, kiasi cha mwimbaji kujisikia masikioni akijifuata mwenyewe. Mradi wenye stemu tupu huweza kuendeshwa kwa bafa ya sampuli 128, ambayo ni milisekunde 3 hivi, na tatizo hilo hupungua sana. Faida nyingine, ingawa wengi huiona kama hasara, ni kwamba stemu humlazimisha prodyuza kukata shauri kuhusu biti yake badala ya kuendelea kuibadilisha hadi usiku wa manane.

Makosa ya hatua hii ni machache lakini huharibu kazi nzima. Stemu zote zianzie mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama ala husika inaingia dakika ya pili, la sivyo hazitalingana. Kasi ya wimbo iandikwe kwenye jina la faili. Limita, kifaa kinachozuia sauti isivuke kilele, kikiwapo kwenye mkondo mkuu kizimwe, kwa sababu anayechanganya sauti anahitaji nafasi ya kufanyia kazi. Kasi ya sampuli nayo iwe moja pande zote, kwani faili ya 44,100 ikichezwa kana kwamba ni ya 48,000 bila kugeuzwa huenda mbio kwa karibu asilimia 9 na kupanda kimo kwa takriban nusu-toni moja na nusu.

Tangu mwaka 2023 upo pia mfumo huria wa DAWproject, ulioanzishwa na watengenezaji wa Bitwig Studio na Studio One, ambao hubeba nota, sauti na mipangilio ya plagini kutoka programu moja hadi nyingine. Ni hatua nzuri, ila programu zinazouelewa bado ni chache.

Mpaka wa kazi, kwa hiyo, uwekwe pale ambapo biti imekamilika na sauti ya mtu inaanza, na kazi isafiri upande mmoja tu, kwa kuwa kurudi nyuma na kwenda mbele kati ya programu mbili hula muda ule ule uliokusudiwa kuokolewa. Prodyuza anayetaka kujaribu na achukue biti moja iliyokwisha kukamilika, aitoe mkondo kwa mkondo, aifungue katika programu ya pili, na ahakikishe kwamba stemu zinalingana na biti ya awali kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla hajamwita mwimbaji studio.